Kutoka Kulisha hadi Kula: Kumzoesha Mtoto Mdogo Ulaji Bora katika Kaya za Kariakoo na Maeneo Jirani, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu anavyoweza kujengewa mazoea bora ya kula katika kaya za katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hususani Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini, Ilala na Buguruni. Hoja kuu ni kwamba katika eneo lililozungukwa na masoko, tatizo la ulaji wa mtoto halielezeki kwa kukosekana kwa chakula peke yake. Linaelezwa pia na namna chakula kinavyoandaliwa, nani anampa mtoto, kwa saa zipi, na mlezi anafanya nini mtoto anapokataa. Makala yanaanza na maana ya maneno tunayoyatumia, yanapitia mabadiliko ya mwili wa mtoto baada ya mwaka wa kwanza, yanachambua nafasi ya uji wa lishe na vitafunio vya mtaani, na kuhitimisha kwa mapendekezo yanayotekelezeka katika kaya ya kipato cha kawaida.

1.0 Utangulizi

Udumavu wa watoto walio chini ya umri wa miaka mitano nchini Tanzania umekuwa ukipungua. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Na mwaka 2022 walikuwa 30. Hayo ni mafanikio. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2015/16 ulibaini pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, yaani asilimia 58, walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu anaweza kuonekana mnene na mchangamfu machoni pa jirani, huku mwili wake ukikosa madini ya chuma yanayohitajika kwa ukuaji wa ubongo. Kwa hiyo, swali la msingi si kama mtoto ameshiba, bali ameshiba nini.

Aidha, mazoea ya kula hujengeka mapema. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kauli hiyo inaafiki ulaji kama inavyoafiki adabu. Mtoto wa miaka miwili anayezoea ladha ya mchicha, dagaa na maharage anaingia shuleni akiwa na kinywa kinachokubali vyakula vingi. Anayezoea biskuti, chai yenye sukari nyingi na juisi za pakiti atahitaji juhudi kubwa zaidi kubadilika. Athari zake hazionekani utotoni tu, kwani magonjwa ya kisukari na shinikizo la juu la damu yanayowasumbua watu wazima wengi mijini yana uhusiano na namna tunavyokula tangu tukiwa wadogo.

Tanzania ina historia ndefu katika suala hili. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa mwaka 1973. Programu ya Lishe ya Iringa, iliyoanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilidhihirisha kwamba lishe ya mtoto husimama juu ya nguzo tatu: chakula, huduma za afya na malezi. Uzoefu huo wa Iringa ulichangia kuundwa kwa kiunzi cha kidhana cha UNICEF cha mwaka 1990 kinachotumika hadi leo duniani. Makala haya yanajikita zaidi katika nguzo ya tatu, yaani malezi, kwa sababu mazungumzo ya kila siku kuhusu lishe huanzia kwenye orodha ya vyakula na mara nyingi hukomea hapo.

2.0 Maana ya maneno: kulisha, kula na kulikiza

Kabla ya kuendelea ni muhimu kutazama maneno yenyewe. Kitenzi "lisha" kimenyambuliwa kutokana na "la", na kinabeba maana ya kumfanya mwingine ale. Katika tendo la kulisha, mtendaji ni mlezi. Mtoto ni mtendwa. Katika tendo la kula, mtendaji ni mtoto mwenyewe. Mtoto wa miezi saba hulishwa. Mtoto wa miaka mitatu anapaswa kuwa anakula. Kati ya hatua hizo mbili kuna kipindi cha takriban miaka miwili ambacho mamlaka ya kijiko huhama polepole kutoka mkononi mwa mlezi kwenda mkononi mwa mtoto. Migogoro mingi ya mezani, au tuseme ya jamvini, hutokea kwa sababu mlezi anaendelea kulisha wakati mtoto ameanza kutaka kula.

Neno jingine ni "kulikiza", yaani kumwachisha mtoto ziwa. Wapo walezi wanaodhani kwamba chakula kinapoanza, ziwa linakaribia kukoma. Wataalamu siku hizi hutumia istilahi "chakula cha nyongeza", na istilahi hiyo ni bora kwa sababu inaonyesha kwamba chakula kinaongezwa juu ya maziwa ya mama, hakiyaondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine hadi afikishe miaka miwili au zaidi.

3.0 Mazingira ya Kariakoo: soko liko karibu, bakuli liko mbali

Jina Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko Kuu lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na hata baada ya ajali ya moto ya Julai 2021 biashara ya chakula iliendelea katika mitaa inayolizunguka. Mkazi wa eneo hili anaweza kupata, kwa mwendo wa dakika chache, dagaa wa Kigoma na wa Mwanza, dagaa mchele wa Pwani, maharage ya aina nyingi, choroko, kunde, mbaazi, mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, viazi lishe, ndizi, mapapai, maembe na maparachichi. Samaki wabichi wako Feri. Ni sehemu chache nchini zenye utajiri wa namna hii wa vyakula.

Pamoja na hayo, mambo manne hukaa kati ya soko na bakuli la mtoto. La kwanza ni kipato. Wakazi wengi hununua chakula cha siku kwa siku: fungu la nyanya, fungu la dagaa, mafuta ya kupima. Mwenye fedha kidogo hununua kwanza kinachojaza tumbo la familia nzima. La pili ni muda. Mama anayeuza nguo, mama lishe anayewasha jiko alfajiri, na mfanyakazi wa dukani wote huondoka mtoto akiwa amelala au ndiyo kwanza ameamka. La tatu ni makazi. Katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji kadhaa, jiko liko uani na ni la zamu. Katika ghorofa jipya, jiko liko ndani lakini mkaa hauruhusiwi na gesi huisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kupika mara nne kwa siku kwa ajili ya mtoto mmoja si jambo jepesi katika mazingira hayo. La nne ni mgawanyo wa malezi: mtoto yuleyule kwa siku moja huweza kulishwa na mama, bibi, dada wa kazi na jirani, kila mmoja akiwa na kanuni yake.

Ushauri wowote usiozingatia mambo hayo manne utabaki kuwa hotuba. Kwa sababu hiyo, mapendekezo yaliyomo katika makala haya yamejengwa juu ya chungu cha familia, si juu ya chakula cha pekee cha mtoto.

4.0 Kwa nini mtoto "anaacha kula" baada ya mwaka mmoja

Lalamiko linalosikika sana kliniki ni hili: "Alikuwa anakula vizuri, sasa hataki." Mara nyingi jambo hilo lina maelezo ya kawaida. Kwa mujibu wa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa wastani huzaliwa na kilo 3.3, hufikisha kilo 9.6 anapotimiza mwaka mmoja, na kilo 12.2 anapotimiza miaka miwili. Yaani katika mwaka wa kwanza huongeza kilo 6.3, lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2.6 tu. Kasi ya ukuaji imepungua, na hamu ya kula hupungua pamoja nayo. Mlezi asiyelijua hilo huona ugonjwa au ukaidi mahali ambapo pana maumbile.

Jambo la pili ni ukubwa wa tumbo. Tumbo la mtoto huweza kubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 9 hubeba kiasi cha gramu 270, kisichozidi sana kikombe kimoja cha mililita 250. Hawezi kula "sahani" kama ya mkubwa, lakini anahitaji kula mara nyingi: milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitafunwa kimoja au viwili katikati.

Jambo la tatu ni woga wa chakula kipya. Kuanzia takriban mwaka mmoja na nusu, mtoto anayetembea na kuokota kila kitu huanza kukataa vyakula asivyovizoea. Wataalamu wengi wanauona woga huo kama kinga ya kimaumbile, kwa kuwa kiumbe mdogo anayetembea peke yake yuko salama zaidi akitilia shaka asichokijua. Hivyo basi, kukataa mchicha kwa mara ya kwanza si hukumu ya mwisho. Birch na Marlin (1982), waliofanya utafiti kwa watoto wa miaka miwili nchini Marekani, walionyesha kwamba kadiri mtoto alivyoonjeshwa chakula mara nyingi zaidi ndivyo alivyokipenda zaidi. Mlezi anayekata tamaa baada ya mara ya tatu ameacha mapema mno.

Hata hivyo, ipo tofauti kati ya kupungua kwa hamu na dalili ya ugonjwa. Mtoto ambaye uzito wake haupandi au unashuka katika kadi ya kliniki, anayeharisha mara kwa mara, mwenye homa, vidonda vya kinywa, au viganja na macho yaliyopauka, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Mstari wa kadi ndio unaotoa ushahidi. Maneno ya majirani kwamba amenenepa au amekonda hayatoshi.

5.0 Uji wa lishe: viungo vingi, makundi machache

Katika maduka ya nafaka ya Kariakoo na Buguruni unauzwa unga unaoitwa wa lishe, uliochanganywa mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga. Walezi wengi huamini kwamba wingi wa viungo hivyo unatosheleza mahitaji yote ya mtoto. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini.

Kipimo cha utofauti wa mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kina makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa na mazao yake, nyama, samaki na kuku, mayai, matunda na mbogamboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mbogamboga nyingine. Mtoto anatakiwa kupata angalau makundi matano kati ya manane kwa siku. Tukiupima unga uliotajwa hapo juu, tunakuta kwamba mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vyote ni kundi moja. Soya na karanga ni kundi la pili. Viungo saba, makundi mawili. Mtoto akinyonya, anapata kundi la tatu. Bado mawili hayajapatikana, na hakuna kiungo cha saba wala cha nane cha nafaka kitakachoyaleta.

Lipo pia suala la wepesi wa uji. Unga wa nafaka wa gramu 10 katika kila mililita 100 hutoa uji mwepesi wenye takriban kilokalori 35. Kikombe cha mililita 250 kitakuwa na kilokalori zisizofika 90. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 550 kwa siku kutokana na vyakula. Angelazimika kunywa zaidi ya vikombe sita vya uji huo, jambo ambalo tumbo lake haliliwezi. Tatizo hili lilishughulikiwa nchini mwetu tangu miaka ya 1980, pale watafiti walipoeleza matumizi ya kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito uliopikwa, vimeng'enya vyake huvunja wanga na kuulainisha uji, hivyo mtoto akapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Kwa kaya isiyo na kimea, njia rahisi ni kupika uji mzito unaokaa kwenye kijiko bila kutiririka, kisha kuongeza kijiko kidogo cha mafuta, tui la nazi au maziwa.

Vilevile, viungo vya unga huo haviivi kwa muda mmoja. Soya huhitaji moto wa kutosha ili kuondoa viini vinavyozuia usagaji wa protini tumboni, ilhali unga wa mchele huiva upesi. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Kwa hiyo, ni salama zaidi kununua nafaka na karanga kavu, kuzichambua na kutupa zilizobadilika rangi au kusinyaa, na kusaga unga wa aina moja au mbili kwa kiasi kidogo, kuliko kununua mchanganyiko usiojulikana ulikaa wapi.

Mwisho, mtoto anayepewa uji uleule asubuhi, mchana na jioni hajifunzi kutafuna wala kutofautisha ladha. Uji ni mlo mzuri wa asubuhi; haupaswi kuwa mlo wa siku nzima.

6.0 Misingi ya kumzoesha mtoto ulaji bora

6.1 Chungu kimoja, bakuli la mtoto

Kaya inapopika wali, ugali au ndizi pamoja na maharage, mchicha au dagaa, mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea anaweza kula chakula hichohicho. Kinachohitajika ni kumtengea sehemu yake kabla ya kutia pilipili na chumvi nyingi, na kukiponda kulingana na meno yake. Dagaa waoshwe vizuri kuondoa mchanga, wakaangwe bila mafuta, wasagwe, na unga wake uhifadhiwe katika chombo kikavu. Kijiko kimoja cha unga huo katika maharage au mboga huleta kundi la samaki bila gharama kubwa. Bakuli lenye wali laini, maharage yaliyopondwa, mchicha uliokatwakatwa na unga wa dagaa, likifuatiwa na kipande cha embe au papai, lina makundi manne. Ziwa la mama ni la tano.

Kula kwenye sinia moja ni desturi njema, kwa kuwa mtoto hujifunza kwa kuwatazama wakubwa. Lakini mtoto wa miaka miwili hashindani na kaka wa miaka kumi. Akae kwenye sinia pamoja na wenzake, chakula chake kikiwa katika bakuli lake. Hapo mlezi ataona amekula kiasi gani.

6.2 Mgawanyo wa majukumu

Clara Davis, daktari wa watoto wa Marekani, alichapisha mwaka 1928 matokeo ya jaribio ambalo watoto wachanga waliruhusiwa kuchagua wenyewe chakula na kiasi. Walikua vizuri. Lakini vyakula vyote vilivyowekwa mbele yao vilikuwa vya asili na bora. Hapakuwa na peremende wala keki. Funzo lake ni la pande mbili. Mtoto anaweza kuaminiwa kuamua ale kiasi gani, na mkubwa ndiye anayepaswa kuamua kiwekwe nini mbele yake, saa ngapi na mahali gani. Migongano huzaliwa pale pande hizi zinapobadilishana: mtoto anachagua biskuti, na mkubwa anaamua kwamba kijiko cha mwisho lazima kimalizwe.

6.3 Kutomlazimisha na kutomhonga

Kumlisha mtoto kwa nguvu, kwa kumshika kichwa au kumbana pua ili afungue kinywa, ni hatari. Uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa akapaliwa. Zaidi ya hatari hiyo, mtoto hujifunza kwamba kijiko ni adui. Kumhonga nako hakusaidii. Birch na wenzake (1984) walibaini kwamba watoto waliotuzwa ili wanywe kinywaji fulani walikipenda kidogo zaidi baadaye kuliko mwanzo. Mlezi anayesema, "Maliza mchicha nikupe soda," amemfundisha mtoto kwamba mchicha ni kazi na soda ni mshahara.

Njia iliyo bora ni kukaa ana kwa ana na mtoto, kumtazama, kumtajia jina la chakula, kula mbele yake kwa furaha, kumsubiri, na kumpa nafasi ya kushika mwenyewe hata kama atachafuka. Simu na televisheni zizimwe kwa muda huo, kwani mtoto anayelishwa huku anatazama katuni humeza bila kujua amekula nini. Akigeuza uso mara mbili au tatu, mlo umekwisha. Bakuli liondolewe bila ugomvi, na asipewe kitamu cha kufidia. Baada ya saa mbili au tatu atakula tena.

6.4 Kurudia kidogo kidogo

Chakula kipya kiletwe kwa kiasi cha kijiko kimoja, kando ya chakula anachokipenda, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Yai likikataliwa likiwa limechemshwa, lijaribiwe likiwa limekorogwa katika viazi. Imani zinazosikika kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema hazina msingi wa kitabibu. Yai ni miongoni mwa vyakula rahisi vyenye protini bora, na linapatikana kwa bei ya moja moja.

7.0 Vitafunio, chai na usalama wa chakula

Mtaani kuna ubuyu wa rangi, barafu za mifuko, bisi, biskuti, pipi na juisi za pakiti kwa sarafu moja au mbili. Mtoto anaponunuliwa vitu hivi kila anapolia, mambo mawili hutokea: tumbo lake dogo hujaa kabla ya mlo, na hujifunza kwamba kilio kina bei. Si lazima kupiga marufuku kila kitu. Inatosha kuweka muda maalumu wa kitafunwa na kubadili kitafunwa chenyewe: ndizi mbivu, kipande cha parachichi, kiazi lishe kilichochemshwa, papai, au maziwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23 unashauri wasipewe vinywaji vilivyotiwa sukari. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisipewe watoto wa umri huu kwa sababu zinaweza kuwakaba.

Chai inastahili kutajwa peke yake. Katika kaya nyingi mtoto hupewa chai ya rangi na andazi asubuhi. Chai ina viambata vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye nafaka, kunde na mboga. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wamekutwa na upungufu wa damu, hilo si jambo dogo. Kinyume chake, vitamini C husaidia kufyonza madini hayo: kipande cha chungwa au embe pamoja na maharage kina faida ambayo kikombe cha chai huiondoa.

Kuhusu usalama, uji unaopikwa alfajiri na kuwekwa kwenye themosi hadi alasiri hupoa polepole na kufikia joto linalokuza vijidudu. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kikirudishwa jikoni kichemke kabisa. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ya mlezi na ya mtoto ioshwe kwa sabuni. Mtoto anayeharisha kila mwezi hupoteza alichokula.

8.0 Mlezi ni nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Mama mwenye meza ya biashara mtaani hana mwajiri wa kumdai haki hiyo. Siku asiyofungua, hauzi. Kwa hiyo, katika Kariakoo suala la mlezi mbadala ni kiini cha suala la lishe.

Inapendekezwa kwamba wote wanaomlea mtoto wakubaliane mambo machache yasiyozidi matano: saa za milo, kutompa chai, kutomlazimisha, kitafunwa kimoja kinachoruhusiwa, na nani anayemtengea bakuli lake. Dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni msichana mdogo, aelekezwe kwa heshima na aruhusiwe kula chakula hichohicho pamoja na mtoto. Mtoto ataiga anachokiona kinywani mwake. Bibi asipuuzwe: ndiye anayejua kupika mtori, kisamvu na maboga kwa tui, vyakula vinavyokidhi mahitaji ya mtoto kuliko vingi vya makopo. Baba naye ana nafasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakiweka chakula miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, na haimtaji mama peke yake. Baba anayepita sokoni jioni na kurudi na mayai mawili na papai badala ya biskuti ameshiriki katika malezi.

Katika mwezi wa Ramadhani jiko la mchana hutulia katika kaya nyingi za eneo hili. Mtoto mdogo hafungi. Atengewe sehemu ya daku kwa ajili ya asubuhi, ikihifadhiwa salama na kuchemshwa vizuri, apikiwe mlo mmoja mwepesi wa mchana, na jioni ashiriki futari ya viazi, magimbi na kunde bila sukari nyingi.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mtoto wa Kariakoo anaishi karibu na takriban kila chakula anachokihitaji, na kwamba kinachoamua ni njia ambayo chakula hicho hupitia hadi kumfikia. Njia hiyo ina maandalizi, muda, watu na maneno. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26 imeitambua lishe na malezi yenye mwitikio kuwa sehemu za kazi moja. Utekelezaji wake unaweza kuanzia kliniki ya mama na mtoto. Mhudumu anapopima uzito, mbali na kuuliza mtoto anakula nini, aulize pia: ni nani hukaa naye mchana, hula saa ngapi, na anapokataa hufanywa nini? Majibu ya maswali hayo matatu yatamwonyesha mhudumu mahali pa kuanzia kuliko orodha ndefu ya vyakula. Vilevile, elimu ya lishe iwafikie wanaokaa na mtoto saa nyingi zaidi, yaani dada, bibi na waendeshaji wa vituo vya kulelea watoto mchana, badala ya kumlenga mama aliye sokoni peke yake.

Kwa kaya, hatua ya kwanza haihitaji fedha za ziada. Ni kumtengea mtoto bakuli lake kutoka kwenye chungu cha familia, kuondoa kikombe cha chai pembeni yake, kukaa naye, na kumwachia kijiko.